Viatu vya Mama Mvua

Sauti iliyonishtua ilikuwa ya viti. Vilikuwa vikiburutwa juu ya vigae, kimoja baada ya kingine, kwa mkwaruzo mrefu uliotoka kwenye madirisha ya ukumbi wa chakula na kunikuta barabarani kabla sijafika langoni. Ilikuwa asubuhi ya kazi kama asubuhi nyingine. Nilikuwa nikipita, kwa desturi yangu, kwenye nyumba ya wageni iliyoko mtaa wa Panda, karibu na chumba ninachopanga, ili ninywe chai jikoni pamoja na mkuu wa ukumbi kabla ya kwenda maabara.

Mpita njia mwingine angesikia viti tu na kuendelea na safari yake. Mimi nilisimama. Katika nyumba ile kiti hakiburutwi. Kiti huinuliwa kwa mikono miwili, huchukuliwa hadi mahali pake na kutuliwa taratibu, miguu yote ikigusa sakafu kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa na mwanamke aliyeuongoza ukumbi ule, na aliisimamia kwa ukali uliowafanya hata wageni, wakishakaa kidogo, kuinua viti vyao wenyewe bila kuambiwa. “Kiti haiko ng’ombe,” alikuwa akisema. “Hatuivute na kamba.”

Kwa kuwa ndivyo nilivyoumbwa, sikukimbia kwenda kuuliza. Nilisimama palepale nikitafuta maelezo. Huenda walikuwa wameitwa mafundi wa kupaka rangi, watu wasiojua sheria za nyumba. Huenda yeye mwenyewe alikuwa amekwenda mapema sokoni Kikula kuchagua samaki. Lakini mafundi wangenuka rangi, na hata akiwa sokoni hakuna aliyethubutu. Waliamini kwamba angesikia kutoka huko. Nilikuwa bado nayapima maelezo hayo, moja dhidi ya jingine, nilipozunguka nyumba na kumkuta mpishi mkuu ameketi kwenye ngazi ya jikoni, kofia yake nyeupe ameiweka mapajani. Hapo maelezo yote yalikwisha.

Moyo wa mkuu wa ukumbi ulikuwa umesimama alfajiri, nyumbani kwake Kikula, alipokuwa akijiandaa kuja kazini. Binti yake mkubwa alimkuta ameketi kitandani, ameegemea ukuta, amevaa kiatu kimoja. Cha pili alikuwa amekishika mkononi.

Ninaandika haya kwa sababu niliombwa kumcheka, na kwa siku nyingi sikujibu.

Jambo hilo linahitaji kuelezwa kwa mpangilio, maana anayetoka mbali anaweza kudhani kwamba niliombwa ukatili. Kwetu kusini mwa Katanga ziko koo zinazotaniana. Utani huo tunauita bunungwe, na ukoo wenyewe tunaupata kwa mama. Watu wa koo mbili za namna hiyo wanaweza kutukanana katikati ya soko, kunyang’anyana kuku mezani na kucheka sura za wazazi wao, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Mmoja akifa, mwingine ana kazi. Ndugu wanapolia, mtani huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, hugomba kama yeye, na huyaanika majivuno yake yote mpaka waliokuja kuomboleza wajishike mbavu. Matanga hayafungwi vizuri bila hayo. Na katika watu wote waliopo, mtani peke yake haruhusiwi kulia.

Yeye alikuwa wa ukoo wa Mvua. Mimi, kwa upande wa mama yangu, ni wa ukoo wa Uyoga.

Siku tuliyokutana sikuwa na habari hizo. Nililelewa Lubumbashi, katika nyumba ya Kikatoliki ambamo baba alitoka upande wa Kasai na mama upande huu wa kusini, na ili amani idumu wazazi wangu hawakupenda kuzungumzia koo. Nilikuja Likasi kusomea kemia. Shangazi alinitafutia kazi ya mwisho wa juma katika ile nyumba ya wageni, ambako wahandisi na washauri wanaokwenda Kakanda kwenye migodi hulala na kula. Mkuu wa ukumbi alinipokea jikoni, mbele ya wapishi wote. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mtanashati, kijiko cha kuonjea kikichungulia kutoka mfuko wa kifuani, na miguu iliyobanwa ndani ya viatu vyeusi vilivyong’aa, vidogo kuliko ilivyostahili. Aliniuliza ninatoka wapi, na mama yangu ni wa ukoo gani. Nilijibu kwamba sina hakika, ila nadhani ni Uyoga.

Uso wake uling’aa kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Akawageukia wapishi.

“Bon, angalieni kintu mvua yangu imeotesha,” akasema. “Ingali na udongo ku kichwa.”

Siku nzima haikuwa na mapumziko. Alisema kichwa changu ni kikubwa na shingo ni nyembamba, kama ilivyo kwa ndugu zangu wote wa porini. Alimwonya mpishi asiniweke karibu na siagi. Aliniuliza mbele ya mgeni kama mimi ni wa kuliwa au ni wa sumu. Nami, niliyefundishwa kumheshimu mkubwa, nilisema “ndiyo, Mama” kila mara, macho chini. Jioni nilirudi chumbani nikiwa nimekwisha kuyapanga kichwani maneno ya kuaga kazi: ya adabu, yenye utangulizi, hoja na hitimisho. Kabla ya kuyatumia nilimpigia mama simu ili nimsomee.

Mama alicheka mpaka simu ikamponyoka. Ilibidi dada yake aiokote na kuniuliza nimesema nini. Mama aliporudi hewani alikuwa bado anahema.

“Na weye ulimujibu nini?”

Nikasema sikumjibu kitu, ni mkubwa wangu, ningemjibuje.

“Aa, basi ni weye ulimutukana,” mama akasema. “Munungwe akikuita, unanyamaza? Kumunyamazia ni kumuambia hamujuane.”

Nililala vibaya. Asubuhi nilifika na jibu nililolijenga usiku kucha, tena nikalihariri njiani. Nilimkuta akikagua vikombe. Nikamwambia kwamba kisayansi mvua si kitu cha kujivunia: ni maji yaliyopewa nafasi ya kukaa juu, yakashindwa kazi, yakaanguka.

Aliweka kikombe chini. Kisha akaketi juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, akaufunika uso kwa aproni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka kwa muda mrefu sana.

“Muleteeni aproni,” akawaambia hatimaye, akijifuta macho. “Huyu ni muntu.”

Ndivyo urafiki wetu ulivyoanza, na haukuwahi kubadili lugha. Katika miaka yote niliyomjua hakuniambia hata siku moja kwamba ananipenda, wala mimi sikumwambia. Tuliambiana mambo mabaya kabisa, kila asubuhi, kwa furaha.

Kazi alinifundisha ndani ya utani huohuo. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa na desturi ya kuketi kwenye kila kiti cha ukumbi, meza kwa meza, mikono juu ya kitambaa, ili aone atakachokiona mgeni. Kutoka kiti hiki jua linachoma macho: vuta pazia. Kutoka kile mlango wa choo unaonekana ukifunguka: sogeza maua. Aliponikabidhi kazi hiyo niliipenda mno. Kwenye kila kiti nilijiuliza mgeni huyu ni nani, ana njaa ya namna gani, anatumia mkono upi, ameacha nini nyumbani. Nilikuwa bado dirishani, nikimfikiria mhandisi wa kubuni aliyeachwa na mkewe, sauti yake iliponifikia kutoka upande wa pili wa ukumbi.

“Uyoga, nilikutuma kukaa. Hapana kuota.”

Vivyo hivyo na sahani. Nilikuwa na tabia, na bado ninayo, ya kuishika sahani iliyo tayari kwenye dirisha la jikoni na kuirekebisha: jani lisogee kidogo, mchuzi ufutwe ukingoni, kipande cha limau kigeuke. Nyama ilipoa mikononi mwangu. Siku moja alikuja akasimama nyuma yangu kimya, akaniacha niendelee, na nilipogeuka aliniuliza kwa upole mkubwa kama sahani ile ilikuwa inakwenda kwa mgeni au kwenye jumba la makumbusho. Akaniambia chakula kikishaiva kinatoka. Tangu hapo, nilipokwama katika jambo lolote, hata la masomo, alinitazama na kuuliza neno moja tu: “Inatoka?”

Masomo yangu aliyaita supu. Nilipoanza shahada ya uzamili, na siku zangu zikawa za chupa, vichujio na vimiminika vya kijani vinavyotokana na mawe ya shaba, aliniuliza kila asubuhi kama supu imeiva. Nilipomweleza kwamba jaribio limeshindikana, alitaka kujua ni nani ataila, na nikimjibu hakuna, alipumua kwa nafuu na kunimiminia chai.

Alikuwa na jambo moja asilolitania. Wageni wa migodi walifika wamejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope, na desturi za hoteli zinataka mgeni aandikishwe kwanza. Yeye alikataa. Alisimama mlangoni na jagi la maji ya vuguvugu, beseni na taulo, kama tunavyofanya nyumbani kabla ya kula bukari, ugali wetu, na hakuna aliyeulizwa jina kabla ya kunawa. Mgeni mmoja kutoka nchi za mbali, asiyeielewa ishara ile, alidhani anasalimiwa; akaushika mkono wake uliokuwa ukimimina na kuutikisa kwa nguvu, jagi likiwa bado ndani yake. Wote wawili walilowa mpaka kiunoni. Yeye hakuacha kutabasamu wala kumimina. Baadaye jikoni, akikamua mkono wa blauzi, alitangaza kwamba yule bwana ameoga vizuri na aulizwe jina sasa.

Ni lazima niandike pia kasoro zake, kwa kuwa ndizo nilizotakiwa kuziwasilisha.

Kwanza, huyu binti wa Mvua aliogopa mvua. Alizichukia nywele zake zikilowa, hivyo alitembea na mwavuli hata katikati ya kiangazi, mbingu ikiwa nyeupe na vumbi limetanda juu ya mabati ya Panda. Nilimuuliza kama ukoo mzima unajikimbia hivyo au ni yeye tu. Halafu hakujua kupika. Mwanamke aliyeweza kusema kwa kijiko kimoja kwamba mchuzi umekosa ndimu hakuweza kusonga bukari. Siku mpishi alipougua na yeye akajitolea, tulipata kitu ambacho fundi mwashi angekifurahia. Wapishi walimwekea mpaka: asisogelee moto. Aliutii huku akilalamika kwamba anaonewa wivu.

Na viatu. Alikuwa na imani isiyotikisika kwamba mguu wake ni mdogo. Alinunua viatu kwa imani hiyo, kila vilipochakaa alinunua vingine vya kipimo kilekile, na kwa hiyo alitembea kama mtu anayepita juu ya majivu ya moto: hatua fupi, magoti yameinuka, kidevu juu kuficha maumivu. Mwendo ule niliweza kuutambua kutoka ghorofani kwa sauti peke yake. Alipokaa tu, chini ya meza, alivitoa na kuipapasa sakafu kwa vidole.

Kila msimu wa mvua wanawake walipoanza kuuza uyoga kando ya barabara, alinunua beseni zima sokoni Kikula na kulibeba hadi jikoni. Alilitua mbele yangu.

“Salimia bandugu yako kwanza,” alisema, kisha akamwagiza mpishi awakaange wote na vitunguu. Nami nilikula, nikimwambia kwamba ndugu zangu wamekufa kwa heshima, maana hawakupikwa na yeye.

Nilipomaliza shahada ya kwanza nilimwalika kwenye mgahawa mmoja mjini, ili kwa mara moja ahudumiwe. Alivaa vizuri, akakaa, akaweka mikono juu ya kitambaa. Nilimwona anavumilia. Mhudumu alipoleta maji kutoka upande usiofaa, alifumba macho. Kiti kilipoburutwa nyuma yetu aliushika ukingo wa meza. Nikamsihi asimame kesho, leo akae. Akaniahidi. Nilikwenda kunawa, na niliporudi kiti chake kilikuwa kitupu: alikuwa mlangoni, mkoba kwapani, akiikaribisha familia ya watu wanane na kuwaonyesha meza iliyo mbali na upepo. Mwenye mgahawa alisimama kando akimtazama kwa mshangao, na tulipoondoka alimwomba arudi wakati wowote. Njiani alinishukuru kwa jioni nzuri. Alisema alikuwa amepumzika sana.

Kuhusu matanga yake, tulizungumza mara moja tu. Ilikuwa alasiri, tukikausha glasi. Umeme ulikuwa umekatika na tulifanya kazi karibu na dirisha. Alikuwa ametoka kwenye msiba wa jirani ambako mchungaji wa kanisa lao la kilokole aliwakataza watani wasicheze, na yeye, muumini wa kufunga na kukesha, hakuridhika. Alisema mchungaji ana haki ya kuomba mwanzo na kuomba mwisho, lakini katikati pana nafasi, na hapo katikati si pake. Kisha akainua glasi kwenye mwanga.

“Siku yangu, weye usilie,” akasema. “Benye kulia batakuwa bengi. Weye ukuye uchekeshe bantu.”

Nikamwambia kwamba kwa mwendo ule wa viatu nitapata kazi nyepesi. Akanipiga na taulo ya glasi, na tukaendelea.

Haikuwa nyepesi. Siku ya maziko nilifika Kikula nikiwa nimejiandaa. Hema lilikuwa limejaa. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwa haraka, vingine vimegeukia ukuta, na hakuna aliyekuwa ameketi juu yake kuona kinachoonekana. Nilipoliona hilo machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa. Nikasikia mjomba wake mmoja akiita kwa sauti, “Uyoga iko wapi? Muambieni akuye, Mvua inaenda.” Watu waligeuka kunitafuta. Mimi nilikuwa nyuma ya lori lililoleta viti, uso ndani ya kitenge, nikilia kama ndugu. Mtani aliyelowa machozi hana anachoweza kufanya mbele za watu. Nikaondoka kwa njia ya nyuma.

Baada ya hapo simu yangu ililia mara kwa mara, na jina lililoonekana lilikuwa la binti yake mkubwa, mshonaji wa nguo ambaye tangu zamani namwita yaya, yaani dada mkubwa. Sikupokea. Nilijiambia nitapokea nikiwa na la kusema. Kisha akanitumia ujumbe wa sauti, ambao niliusikiliza nikiwa nimesimama katikati ya maabara.

“Mudogo yangu, siku ya posho tunamaliza matanga. Mama alisema weye njo utakuya. Hatuko na Uyoga mwengine. Lakini kama hauwezi, sema tu. Hatutakasirika.”

Niliusikiliza tena na tena. Kilichoniumiza si ombi, bali adabu iliyokuwa ndani yake. Binti hufuata ukoo wa mama: naye ni Mvua. Hakuna Mvua aliyewahi kuniambia kwa upole kwamba hatakasirika. Hivyo ndivyo anavyosemeshwa mgeni.

Nikafanya ninachokijua: nikafikiri. Nilichambua kama kumcheka mtu aliyenifunza kazi ni shukrani au ni utovu wa shukrani. Nilijiuliza ni kasoro ipi ianze, mwavuli au bukari, na kama viatu viwe kilele au utangulizi. Nilijizoeza ule mwendo kwenye korido ya maabara, nikiwa na viatu vya usalama vyenye ncha ya chuma, ambavyo havifai kabisa kwa kazi hiyo. Mlinzi alinitazama nikienda na kurudi, magoti juu na kidevu juu, kisha akaniuliza kwa wasiwasi kama nimeumwa na siafu. Nikasema ni mazoezi. Akasema basi nipunguze.

Ijumaa ilifika. Kesho yake, Jumamosi, ndiyo ile siku ya posho ambayo wangefunga matanga, na nilikuwa sijajibu. Mchana ule nilipita kwenye nyumba ya wageni, na kwa mara ya pili nikasikia viti. Safari hii niliingia. Mhudumu mpya, kijana mwenye nia njema, alikuwa akivivuta kwa nyuma, kila mkono na chake. Mpishi mkuu alinionyesha kwa macho, kama mtu anayesema: nimemwambia, lakini si mimi wa kusema.

Nilikusudia kumweleza yule mhudumu mambo mengi: kuhusu masikio ya mgeni, kuhusu mwangwi wa vigae. Badala yake niliinua kiti kimoja, nikakitua mahali pake, nikaketi juu yake. Ni kile kilicho karibu na mlango wa jikoni, alichokuwa akimalizia ukaguzi wake. Kutoka pale unauona ukumbi wote, lango, na kipande cha barabara ambako mgeni huonekana kabla hajajua kwamba ameonekana. Niligundua kwamba kila asubuhi aliniona nikija tangu mbali, na kwamba maneno yake mabaya alikuwa na muda wa kutosha wa kuyachagua.

Ndipo nilipokumbuka jibu la mama yangu siku ile ya kwanza. Nilikuwa nimewaza kwamba ninakaa kimya kwa heshima, mpaka nipate maneno yanayomstahili. Ilhali huko Kikula kimya changu kilikuwa kinasema kwamba hatujuani. Nilikuwa nimeishika sahani dirishani, nikigeuza limau.

Nikapiga simu. Iliita kwa muda, kisha yaya akapokea na kusema halo kwa ile sauti ya adabu.

“Yaya, ni Uyoga,” nikasema. “Nimesikia Mvua imetoroka kazi, tena na kiatu kimoja. Kesho ninakuja kudai kuku wangu.”

Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake kelele za uani: sufuria, watoto, watu wanaopanga nafasi ya kesho. Nilianza kufikiri kwamba nimekosea wakati, au maneno, au vyote viwili.

“Kumbe uko muzima,” akasema hatimaye. “Sisi tulizani bantu bamesha kukukaanga na bitunguu.”

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, lakini mahali ilipopumzika kati ya maneno palikuwa pa mama yake. Nikamwambia hakuna aliyeweza kunikaanga; aliyejaribu hakujua kupika. Akacheka kwa pua, kicheko kifupi, na nilisikia kwamba kilikuwa kimekaa ndani kwa muda. Kisha nyuma yake kitu kikakwaruza juu ya saruji, mkwaruzo mrefu, na akaiondoa simu mdomoni.

“Inua!” alimwambia mtu. “Kiti haiko ng’ombe.”

Aliporudi nilimuuliza kama vile viatu vyeusi vipo. Vipo, akasema, vyote viwili, amevipaka kiwi. Nikamwomba aniwekee kando, pamoja na mwavuli.

“Bitakubana,” akasema.

“Yaya, hata yeye vilimbana.”

“Tulijua,” akasema. “Mutaa muzima ulijua.” Na hapo akaanza kucheka vizuri, mpaka ikamlazimu akae, maana nilisikia kiti cha plastiki kikilia chini yake, nami, kwenye kiti changu mlangoni mwa jiko, nikavua viatu chini ya meza na kuipapasa sakafu kwa vidole, nikimngoja amalize ili anitukane tena.